Mkutano mkuu wa chama ukikosa mshindi wa raundi ya kwanza

Msomaji wa Morogoro ameuliza: "Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia nasikia wachambuzi wakisema huenda chama kikaingia kwenye mkutano mkuu bila mgombea. Si kura za maoni zimeshapigwa majimboni? Wajumbe wanakwenda kuamua nini tena? Wanaweza kumchukua mtu ambaye hakugombea kabisa? Na kuna tofauti gani na yale tuliyozoea kuyaona Dodoma?"

Tuanzie Dodoma, maana umeitaja mwenyewe na itatusaidia huko mbele. Julai 1995 wajumbe wa Mkutano Mkuu wa CCM waliletewa majina matatu. Raundi ya kwanza Jakaya Kikwete aliongoza kwa kura 534, Benjamin Mkapa akapata 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya akatoka, wajumbe wakarudia kati ya wawili waliobaki, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Angalia hesabu: Mkapa aliongeza kura 227, Kikwete 105. Aliyeongoza mwanzo siye aliyeondoka na tiketi. Katika mkutano wa aina hii nguvu ya mtu hupimwa kwa kura atakazorithi wenzake wakianguka, na mwenye wafuasi wengi lakini wasiopikika chungu kimoja na kambi nyingine anaweza kuongoza asubuhi akakosa jioni.

Marekani mambo ni hayo hayo, ila kanuni mbili ni tofauti na zinabadilisha kila kitu. Kwanza, hakuna anayetolewa. Wa mwisho ana haki ya kubaki hadi achoke mwenyewe, kwa hiyo raundi hazina ukomo. Pili, kura ni ya wazi. Majimbo huitwa moja baada ya jingine, kiongozi wa ujumbe anasimama kwenye kipaza sauti na kutangaza jimbo lake limempa nani kura ngapi. Wote wanasikia na wote wanahesabu. Jimbo linaloona upepo umegeuka linaweza kuomba kubadilisha kura zake kabla matokeo hayajatangazwa, na mara nyingi ndivyo mshindi alivyopatikana: jimbo moja likihama, mengine yanakimbilia kipaza sauti yasionekane yamechelewa kumuunga mkono rais mtarajiwa.

Mfano wa kutisha ni mkutano wa chama cha Democratic wa mwaka 1924, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Chama hicho wakati ule kilikuwa na kanuni ya ajabu, iliyoanza 1832, kwamba mgombea lazima apate theluthi mbili. Kura zilikuwa 1,098, kwa hiyo mshindi alihitaji 732. Kambi kubwa zilikuwa mbili. William Gibbs McAdoo, aliyekuwa waziri wa fedha na mkwe wa Rais Woodrow Wilson, alikuwa na Kusini na Magharibi, watu wa mashambani, Waprotestanti, wapinga pombe. Al Smith, gavana wa New York, alikuwa Mkatoliki wa mjini na hakuificha chuki yake dhidi ya sheria ya kupiga marufuku pombe. Katikati yao lilikaa suala la Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi. Azimio la kulilaani kundi hilo kwa jina lilishindwa kwa tofauti ya takriban kura moja, na tangu hapo hakuna kambi iliyokuwa tayari kuipa nyingine hata kikombe cha maji.

Raundi ya kwanza McAdoo alipata 431 na nusu, Smith 241. (Zile nusu ni za kweli. Majimbo mengine yalituma watu wengi kuliko kura walizogawiwa, wakagawana.) Hakuna aliyeikaribia 732, lakini kila mmoja alikuwa na zaidi ya theluthi moja pamoja na washirika wake, yaani alikuwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Wakapiga kura siku baada ya siku. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa Democratic kurushwa redioni, na wasikilizaji nchi nzima walikariri sauti ya gavana wa Alabama, jimbo lililoitwa la kwanza kila raundi, akitangaza zile zile kura 24 kwa Oscar Underwood. Baadhi ya wajumbe waliishiwa pesa za hoteli. Raundi ya 103 ndipo tiketi ikaenda kwa John W. Davis, wakili aliyeanza na kura 31 tu. Novemba alipata asilimia 29 hivi ya kura za nchi.

Watu husema mkutano ule ulishindwa kwa sababu ya uhasama. Mimi nalaumu zaidi kanuni ya theluthi mbili. Uhasama kama huo vyama vingi vinao, lakini pale ambapo nusu inatosha, kambi kubwa humaliza kazi. Mwaka 1912, kwenye chama hicho hicho, Champ Clark alifika nusu katika raundi ya kumi, akakwama hapo, na Woodrow Wilson akaondoka na tiketi katika raundi ya 46. Kanuni ile ilifutwa 1936, na aliyesukuma ifutwe alikuwa Franklin Roosevelt, ambaye miaka minne nyuma ilikaribia kumtupa nje.

Hiyo ya 1932 inafaa kusimuliwa, kwa sababu inaonyesha biashara inavyofanyika. Roosevelt alikuwa na zaidi ya nusu tangu raundi ya kwanza mjini Chicago. Raundi tatu zikapita hajafika theluthi mbili, na katika hali kama hiyo wajumbe huanza kunong'ona kwamba huyu hatoboi. John Nance Garner, Spika wa Bunge kutoka Texas, alikuwa na kura za Texas na California. Wapambe wa Roosevelt walikuwa kwenye simu usiku kucha. Raundi ya nne aliyesimama kutangaza kwamba California inahamia kwa Roosevelt alikuwa yule yule McAdoo wa 1924, na safari hii alikuwa upande wa wanaofunga mjadala. Garner akawa mgombea mwenza.

Abraham Lincoln naye alipita njia hiyo, mwaka 1860, katika chama kichanga cha Republican. William Seward wa New York aliongoza raundi ya kwanza kwa 173 na nusu dhidi ya 102 za Lincoln. Lakini mkutano ulifanyika Chicago, katika jimbo la Lincoln la Illinois, na watu wake hawakulala. Walichapisha tiketi za ziada za kuingilia, ukumbi ukajaa wapiga kelele wao huku wafuasi wa Seward wakiachwa nje. Mpangilio wa viti ulikuwa mikononi mwao pia, wakawakalisha wajumbe wa New York mbali na wa Pennsylvania, ambao walikuwa hawajaamua, ili wasipate wa kuwanong'oneza. Mizengwe, kwa lugha ya vijiweni. Raundi ya pili pengo lilikuwa kura tatu na nusu. Ya tatu Lincoln alibakiza kura moja na nusu tu, mjumbe wa Ohio akasimama kuhamisha nne, na kelele zikaanza. Simon Cameron, bosi wa siasa wa Pennsylvania, baadaye alipewa wizara ya vita.

Sasa turudi kwenye swali lako la kura za maoni. Zamani zilikuwepo lakini hazikuwa na meno. Mwaka 1952 seneta Estes Kefauver alishinda karibu zote alizoingia, akaongoza raundi ya kwanza ya mkutano wa Democratic, na bado raundi ya tatu tiketi ikaenda kwa gavana Adlai Stevenson wa Illinois, ambaye hakuwa amefanya kampeni. Hiyo ndiyo mara ya mwisho chama kikubwa cha Marekani kuvuka raundi ya kwanza. Republican mara yao ya mwisho ilikuwa 1948, Thomas Dewey, raundi ya tatu. Kilichovunja mtindo huo ni Chicago 1968: Hubert Humphrey alipata tiketi ya Democratic bila kushiriki kura ya maoni hata moja, huku polisi wakiwapiga virungu waandamanaji wa kupinga vita vya Vietnam mitaani. Chama kikaona aibu, kikaunda tume, na kuanzia 1972 wajumbe wengi wakawa wanapatikana kwa kura za wananchi. Republican wakafuata mkondo huo, kwa sababu sheria nyingi za majimbo zilibadilika kwa wote.

Kwa hiyo leo mjumbe anafika mkutanoni akiwa amefungwa kwa mgombea fulani kulingana na matokeo ya jimbo lake. Democratic hugawa kwa uwiano, kila aliyepata angalau asilimia 15 anapata fungu lake. Republican huachia majimbo yachague, na mengine humpa mshindi wajumbe wote. Mtu mmoja akifikisha nusu kabla ya mkutano, kuitwa kwa majimbo kunakuwa sherehe, na ndivyo ilivyokuwa karibu kila mara kwa zaidi ya miaka 50. Mpangilio wenyewe unawasaidia wanaoongoza: anayeshindwa mapema hukosa wafadhili, anajitoa, na wajumbe wanaobaki wanakusanyika kwa mmoja au wawili.

Wasiwasi unaousikia kila mwaka unatoka kwenye hesabu ya watatu au wanne wenye pesa za kutosha wanaokataa kujitoa. Hapo hakuna anayefika nusu, raundi ya kwanza inapigwa kwa ahadi na inashindikana, na kuanzia raundi ya pili wajumbe wengi wanakuwa huru. Wanaopiga kura kuanzia hapo ni watu wenyewe, kwa majina yao. Wananchi wameshamaliza kazi yao.

Ndiyo maana mimi huwaambia wanafunzi wangu waache kwanza kuhesabu wajumbe, waulize wajumbe hao ni kina nani na nani aliwateua. Kwa Democratic, kambi ya mgombea ina haki ya kupitia majina ya wanaotaka kuwa wajumbe wake na kuwaondoa isiowaamini. Kwa Republican, katika majimbo mengi wananchi hupiga kura kumchagua mgombea, halafu wiki au miezi baadaye wanachama waliokomaa hukutana kwenye mkutano wa jimbo na kuchagua watu watakaokwenda. Mtu anaweza kufungwa kwa Donald Trump raundi ya kwanza ilhali moyo wake uko kwa mpinzani wake, seneta Ted Cruz. Hilo lilitokea 2016. Vijana wa Cruz walizunguka mikutano ya majimbo wakipanga watu wao, na huko Colorado, ambako hakukuwa na kura ya wananchi ya kuchagua mgombea, Cruz alizoa wajumbe wote 34 waliochaguliwa. Trump alilalamika kwamba mfumo una wizi. Haukuwa na wizi, kanuni zilikuwa zimeandikwa, ila kambi yake ilikuwa haijazisoma vizuri, na ilibidi amwajiri Paul Manafort, aliyeshughulika na wajumbe kwenye mkutano wa 1976, aje kurekebisha. Aliokolewa na wapiga kura: alishinda Indiana Mei 3, Cruz akajitoa, na mwisho wa mwezi Trump akapita wajumbe 1,237 waliohitajika. Angeishia 1,150, naamini raundi ya pili ingekuwa ya Cruz.

Uwanja mwingine wa vita ni kanuni na hati za wajumbe, yaani nani atambuliwe kuwa mjumbe halali, na huko ndiko mechi nyingi zimeamuliwa kabla ya raundi ya kwanza. Mwaka 1952 Republican walikuwa na Dwight Eisenhower na Robert Taft wakikabana. Majimbo ya Texas, Georgia na Louisiana yalileta makundi mawili mawili ya wajumbe, kila kundi likidai ndilo halali. Taft alikuwa ameikamata kamati ya chama. Watu wa Eisenhower wakapeleka ukumbini pendekezo kwamba wajumbe wenye utata wasipige kura kuhusu utata wowote hadi wa kwao uamuliwe, wakalipa jina tamu la uchezaji wa haki, nani angelipinga? Upande wao ukashinda kura hiyo ya kanuni kwa 658 dhidi ya 548. Wengi wa wajumbe wa majimbo yale wakaenda kwa Eisenhower, na raundi ya kwanza ilipofika mwisho alikuwa na 595, tisa pungufu. Minnesota ikahama palepale. Kama ile kura ya kanuni ingeshindwa, pengine Marekani isingekuwa na Rais Eisenhower.

Ronald Reagan alijaribu mbinu ya jamaa hiyo 1976 dhidi ya Rais Gerald Ford aliyekuwa madarakani, mjini Kansas City. Walikaribiana sana na wajumbe wachache wasio na ahadi ndio waliobaki kuamua. Ford alitumia faida ya cheo, akiwaalika Ikulu watu ambao mwezi mmoja nyuma hakuna aliyejua majina yao. Reagan akacheza karata yake: akamtangaza mapema mgombea mwenza, seneta Richard Schweiker wa Pennsylvania, akitumaini kuvuna kura za jimbo hilo. Halafu akadai kanuni imlazimishe Ford naye amtaje wake kabla ya kura, ili kambi ya Ford ipasuke kwa kugombania jina. Karata ikamgeukia. Pennsylvania haikuja, na wahafidhina wa Mississippi wakaudhika kwa kuletewa Schweiker, waliyemwona mliberali. Pendekezo la kanuni likaanguka kwa 1,180 dhidi ya 1,068. Usiku uliofuata Ford akapata 1,187 na Reagan 1,070, na tofauti na kura ya jana yake unaiona: karibu hakuna. Aliyepoteza kwenye kanuni ndiye aliyepoteza tiketi.

Democratic waliongeza kitu chao cha kuzuia ghasia: wajumbe kwa nyadhifa zao, yaani wabunge, magavana, marais wastaafu na vigogo wa chama, ambao hawafungwi na kura za wananchi. Mwaka 2016 wafuasi wa Bernie Sanders waliwalalamikia kwamba wanaielemeza mizani kwa Hillary Clinton kabla watu hawajapiga kura. Mwaka 2018 kanuni ikabadilishwa: hawapigi raundi ya kwanza pale ambapo kura zao zingeweza kuamua matokeo. Waliotaka mabadiliko walifurahi, lakini matokeo yake ni kwamba sasa vigogo wanaingia wote kwa pamoja raundi ya pili, wakati ambapo kila kura moja ina thamani kubwa zaidi. Sijui kama waliolalamika waliliona hilo.

Je, wanaweza kumchukua mtu ambaye hakugombea? Historia inasema ndiyo. Mwaka 1880 James Garfield alikwenda kwenye mkutano wa Republican kumpigia debe John Sherman, na raundi ya 36 akajikuta yeye ndiye mgombea, kwa sababu wafuasi wa rais wa zamani Ulysses Grant, 306 wasioyumba, na wale wa James Blaine walizuiana mpaka wakachoka. Leo kuna milango ya kupita kwanza. Democratic mwaka 2024 walitaka saini 300 za wajumbe, zisizidi 50 kutoka jimbo moja. Republican mwaka 2016 walitaka uungwaji mkono wa wajumbe walio wengi katika majimbo manane. Milango hiyo inafunguka, kwa kuwa mkutano wenyewe ndio unaopitisha kanuni zake siku ya kwanza. Na serikali ina mkono mfupi hapo: mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema matakwa ya chama kitaifa kuhusu wajumbe wake yanatangulia sheria ya jimbo, na Julai 2016 hakimu wa shirikisho huko Virginia alikataa jimbo limwadhibu mjumbe wa Republican kwa kutofuata matokeo ya kura ya maoni. Chama chenyewe ndicho kinachoweza kumbana mjumbe wake.

Mwaka 2024 tuliona mjumbe aliyefunguliwa akifanya nini. Joe Biden alikuwa amekusanya karibu wajumbe wote wa Democratic, kisha Julai 21 akajitoa na kumuunga mkono Kamala Harris. Kwa siku moja hivi kila mjumbe alikuwa huru kabisa, na wachambuzi wakaanza kuandika kuhusu Chicago nyingine ya 1968. Haikutokea. Wajumbe wale walikuwa watu waliopitishwa na kambi ya Biden yenyewe, wengi wao wakiwajua Harris na watu wake kwa miaka, hakuna mshindani mzito aliyejitokeza, na tarehe ya kuweka majina kwenye karatasi za kura majimboni ilikuwa inakimbia. Kura ikapigwa kwa mtandao, ikafungwa Agosti 5, akapata asilimia 99. Mkutano wa Chicago ulipofunguliwa Agosti 19, kazi ilikuwa imekwisha.

Ukilinganisha na Dodoma, basi, chujio ndilo limekaa mahali tofauti. CCM huchuja juu: watia nia ni wengi, Kamati Kuu na Halmashauri Kuu zinakata majina, na wajumbe wanaletewa wachache waliobaki. Mwaka 2015 Edward Lowassa jina lake lilikatwa kabla wajumbe wa Mkutano Mkuu hawajapata nafasi ya kulipigia kura. Marekani chujio ni wananchi na pesa, na hakuna kikao chenye mamlaka ya kumwambia mtu jina lako limekwama. Mkutano ukifika bila mshindi, majina yote yako hai. Mwaka 2028 ukiona kambi tatu zinakaribiana, tafuta habari za mikutano ya majimbo ya Aprili na Mei, ambako wajumbe wa Republican huchaguliwa kwa majina, na za kamati ya kanuni, ambayo hukutana siku chache kabla ya ukumbi kufunguliwa na ambayo kamera nyingi huipita bila kuitazama.